Farasi wa bure, bili ya miaka 20

Farasi wa mbio huanza kazi akiwa na umri wa miaka miwili, na wengi huwa wamekwisha kustaafu kabla ya kufika minane. Akitunzwa vizuri ataishi hadi 25, pengine 30. Pengo hilo kati ya mwisho wa kazi na mwisho wa uhai ndilo linalozaa soko la aina yake katika kila mji wenye uwanja wa mbio, Nairobi ikiwamo: mnyama mwenye nasaba iliyoandikwa vitabuni, aliyekimbia Ngong huku watu wakimwekea dau, anauzwa kwa bei ambayo mara nyingine haifiki ya ng'ombe mzuri wa maziwa. Wengine hutolewa bure kwa yeyote anayeahidi kuwatunza. Mzazi ambaye binti yake anajifunza kupanda farasi huko Karen au Lang'ata huisikia bei hiyo, akapiga hesabu ya harakaharaka, akaona mambo yamemnyookea. Ninachodai hapa ni kwamba katika yote atakayoambiwa siku hiyo, bei ndiyo yenye manufaa kidogo kuliko mengine. Gharama ya farasi imekwisha kupangwa na mwili wake, yaani tumbo, kwato, meno na damu, na mwenye mali hana pa kuombea apunguziwe. Hiari aliyo nayo ni moja: alipe kila mwezi kwa utaratibu, au alipe baadaye kwa mkupuo, kwa daktari au kwa mchimba shimo.

Tuanze na tumbo, maana ndilo linalomaliza pesa nyingi zaidi. Ng'ombe anaweza kula kwa saa chache kisha akalala chini ya mti akicheua. Farasi hacheui. Tumbo lake ni dogo mno kwa mwili alio nao, hubeba lita 8 hadi 15 hivi, na hutoa asidi mfululizo usiku na mchana, awe amekula au hajala. Akiachwa malishoni hula kwa saa 15 au zaidi kwa siku, kidogo kidogo, na mate anayomeza anapotafuna ndiyo yanayoipoza asidi hiyo. Akilishwa asubuhi na jioni tu, katikati akabaki anatazama ukuta, asidi huanza kuchoma tumbo lenyewe na vidonda huingia. Tena hawezi kutapika. Chakula kibovu kikishashuka hakina njia ya kurudi. Gesi hujaa, utumbo hujipinda, na msokoto wa tumbo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya farasi popote wanapofugwa. Ndiyo maana nyasi kavu lazima ziwe mbele yake karibu muda wote, tena safi, zisizo na ukungu wala vumbi. Robota lililonyeshewa si la kumpa, hata liwe limenunuliwa kwa nusu ya bei.

Kiasi chenyewe kinajulikana. Farasi mzima ana kilo 450 hadi 500, na kwa siku anahitaji malisho makavu ya asilimia 1.5 hadi 2.5 ya uzito wake. Tukichukua asilimia 2, hizo ni kilo 10 kwa siku na kilo 300 kwa mwezi. Robota la boma rhodes linaloletwa Nairobi kutoka Bonde la Ufa huwa na kilo 15 hivi likifungwa vizuri, kwa hiyo mnyama mmoja anamaliza marobota 20, na la 21 ni la zile nyasi anazokanyaga na kukojolea. Bei ya robota hufuata mvua. Nikikadiria shilingi 300, nyasi peke yake ni 6,300 kwa mwezi. Ukame ukiingia na robota likafika 500, bili hiyohiyo inakuwa 10,500 na farasi hajala hata jani moja zaidi. Bei nitakazozitaja ni za kukadiria, na msomaji wa Arusha au Eldoret ana ruhusa ya kuziondoa aweke za kwake. Kilo hawezi kuziondoa. Farasi anayefanya kazi huongezewa kilo 3 hivi za nafaka na pumba kwa siku, na mstaafu wa mbio, mwenye misuli mingi na ngozi nyembamba, hukonda upesi kuliko farasi wafupi wa milimani. Kwa shilingi 50 kwa kilo, hiyo ni 4,500 nyingine. Maji ni lita 30 hadi 40 kwa siku, karibu lita 1,000 kwa mwezi, jambo dogo kwa mwenye kisima na kubwa kwa anayengoja bauza. Chumvi ya kulamba ni pesa ndogo, nairuka.

Likishashiba tumbo, anahitajika mtu. Farasi mmoja huangusha kilo 20 hivi za kinyesi kwa siku, na akiachwa asimame katika unyevu huo kwato huanza kuoza, kwa hiyo banda husafishwa kila siku, Krismasi na Idi zikiwemo, na hutandikwa maranda makavu ambayo nayo hununuliwa kwa gunia. Tuyawekee shilingi 2,000 kwa mwezi. Kazi hiyo ni ya saisi. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida Nairobi, kilichotangazwa mwaka 2024, kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Saisi mmoja anaweza kuwahudumia farasi watatu kwa uangalifu, kwa hiyo fungu la kila mmoja ni 5,400 hivi. Mwenye farasi mmoja nyumbani kwake hana wa kugawana naye. Mshahara wote ni wake. Na hata akiumudu, yupo mlaji wa pili ambaye hakumtarajia. Farasi ni mnyama wa kundi. Akifungiwa peke yake huhangaika, hutafuna mbao za banda, huyumba mlangoni kutwa kucha, hata akakonda huku chakula kipo. Dawa yake ni mwenzake: farasi mwingine, punda, au angalau mbuzi. Yule wa bure basi amekuja na mgeni wake.

Nimetumia kima cha chini kwa makusudi, maana kuna waajiri wanaolipa chini ya hapo kisha wakashangaa mambo yanapoharibika. Saisi aliyebobea ndiye anayegundua alfajiri kwamba nyasi za usiku hazikuguswa, au kwamba mguu mmoja una joto kuliko mitatu mingine. Akigundua saa kumi na moja, daktari anakuja na sindano. Asipogundua hadi adhuhuri, huenda daktari akaja kumaliza mateso tu. Utaalamu wa namna hiyo hauna cheti katika nchi zetu, hupokewa na kijana kutoka kwa mzee katika mabanda ya mbio na ya polo, na kwa sababu hauna cheti hulipwa kana kwamba ni kufagia.

Kwato hukua milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Porini zingesuguliwa na mawe. Zikishapigiliwa chuma hazisuguliki, kwa hiyo kila baada ya wiki sita hivi kiatu hung'olewa, ukwato hupunguzwa, kiatu kingine hupigiliwa. Mafundi wa kazi hiyo Afrika Mashariki ni wachache na hufuata waliko farasi wengi. Tukikadiria shilingi 5,000 kwa viatu vinne, mara nane au tisa kwa mwaka, tunapata kama 3,600 kwa mwezi. Hapa, nakiri, ndipo mahali pekee ambapo mfugaji anaweza kuokoa pesa bila kumwibia mnyama: farasi asiyepandwa sana, anayetembea kwenye udongo laini, anaweza kubaki peku na kupunguzwa kwato tu. Meno ni habari nyingine. Ya farasi hutoka kwenye ufizi milimita 2 hadi 3 kila mwaka kwa sehemu kubwa ya maisha yake, yakisagana huku na kule hadi yanaota kingo kali zinazokata shavu na ulimi. Mara moja kwa mwaka hupigwa tupa. Asipopigwa, hatafuni sawasawa, nafaka inamwanguka mdomoni au inapita tumboni nzima nzima, anakonda, na mwenyewe anaongeza chakula akidhani farasi ana njaa. Aliyeona amebana pesa ya tupa anailipa dukani kwa gunia.

Kisha kuna damu, na hapa Afrika ina bili yake ambayo mfugaji wa Uingereza haijui. Kuna homa ya farasi ya Kiafrika, inayoletwa na virusi na kusambazwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma magharibi hadi alfajiri. Punda milia huibeba bila kuugua, punda huikwepa kwa kiasi kikubwa, lakini farasi ambaye hajachanjwa mara nyingi hafiki wiki mbili. Katika koloni la Cape, Afrika Kusini, mlipuko wa 1854 na 1855 uliua karibu farasi 70,000. Ugonjwa huo ulipofika Thailand mwaka 2020, nchi ambayo haikuwahi kuujua, farasi zaidi ya 500 walikufa. Tiba yake haipo. Kuna chanjo ya kila mwaka, na kuna kumfungia farasi bandani kabla jua halijazama. Ukiona watu wa Karen wamejenga mabanda yenye nyavu madirishani, usidhani yote ni mapambo. Ongeza kupe na magonjwa yao ya damu, ongeza minyoo, na katika nyanda za chini ongeza mbung'o. Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 akiwa na farasi wawili kwa safari ya kumtafuta Livingstone. Wote walikufa kabla hawajafika mbali. Mwaka 1916 majeshi ya Afrika Kusini yaliyoingia Tanganyika kupigana na Wajerumani yalipoteza maelfu ya farasi, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na mizigo iliyowashinda wanyama ilibebwa na mabega ya watu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi cha wapagazi hao. Historia ya bara hili la kati na pwani yake inaonyesha wazi kwamba farasi hakukosekana kwa sababu watu hawakumtaka. Masultani wa Unguja walikuwa nao, kwa kuwa walikuwa na hazina ya kulipia wengine wapya.

Tukijumlisha sasa: nyasi 6,300, nafaka 4,500, fungu la saisi 5,400, maranda 2,000, kwato 3,600. Kwa chanjo, dawa ya minyoo, ya kupe, meno na ziara ya kawaida ya daktari nimeweka 3,000, na 3,000 nyingine iwekwe kando kila mwezi kwa siku ya dharura, ambayo kwa farasi haina shaka kwamba itafika. Jumla ni 27,800. Humo hamna kodi ya banda, hamna tandiko wala hatamu, hamna mwalimu, hamna lori la kumpeleka kwenye mashindano. Mwenye farasi mmoja na saisi wake mwenyewe anafika 38,500. Kwa mnyama anayestaafu akiwa na miaka sita na kuishi hadi 26, kuna miezi 240, na hesabu ya chini inavuka shilingi milioni 6.6. Bei ya kununua, iwe 100,000 au sifuri, imezama humo hata haionekani. Kuna jambo jingine katika jumla hiyo ambalo halipendezi kulisema: farasi mmoja anatumia kwa mwezi pesa nyingi kuliko kima cha chini cha mshahara wa mtu anayemfagilia banda. Silileti ili kumwaibisha mtu. Nalileta kwa kuwa mwajiri akibanwa, sehemu ya kwanza anayoitazama ni mshahara huo, nami nimekwisha eleza unanunua nini.

Je, historia ina ushahidi kwamba kubana bili ya mwezi huishia kwenye hasara kubwa zaidi? Upo, tena wa zamani. Marco Polo, aliyepita kusini mwa India mwishoni mwa karne ya 13, alieleza jinsi wafalme wa huko walivyonunua farasi kwa maelfu kutoka Aden, Dhofar, Hormuz na bandari nyingine za Uarabuni na Ghuba, kwa bei kubwa mno, na jinsi wengi wa farasi hao walivyokuwa wamekufa kabla ya mwaka kwisha kwa sababu nchi haikuwa na watu wanaojua kuwatunza. Wakalishwa vyakula visivyowafaa. Wafanyabiashara nao, asema, walihakikisha kwamba waganga wa farasi hawavuki bahari kwenda huko. Nani angevuruga biashara nzuri kama hiyo? Kila mwaka hazina ilitoa bei ya kundi zima upya, ilhali sehemu ndogo ya pesa hiyo ingeajiri wataalamu na kulisha wale waliopo. Mnunuzi wa leo hana hazina ya mfalme, lakini anafanya kosa la namna ileile anapotumia akiba yote kununua na kuacha matunzo yategemee mshahara wa mwezi ujao.

Wa karibu zaidi ni Ireland. Katika miaka ya neema kabla ya 2008, watu wa huko, wapenzi wa farasi tangu enzi, walinunua na kuzalisha bila kujizuia, hata nchi ikawa miongoni mwa zile zenye farasi wengi zaidi Ulaya kwa kulinganisha na idadi ya watu. Uchumi ulipoanguka, bei za farasi wa kawaida zilishuka hadi mtu aliweza kumpata kwa euro chache. Ingekuwa bei ndiyo kikwazo, mabanda yangejaa. Kilichotokea ni kinyume: farasi walitelekezwa mashambani na kando ya miji, na idadi ya waliopelekwa machinjioni ikaongezeka zaidi ya mara kumi kati ya 2008 na 2012. Mnyama alikuwa bure, na hata bure watu hawakumtaka, kwa kuwa nyasi za majira ya baridi hazikuwa bure. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa kuonyesha ni gharama ipi inayomtesa mwenye farasi.

Atatokea wa kuniuliza: mbona wako wakulima maskini wanaofuga farasi bila hizo 27,800? Swali ni la haki. Ethiopia ina farasi karibu milioni mbili, zaidi ya nchi nyingine yoyote Afrika, na wengi wao ni wa watu wa kipato kidogo. Lesotho mchungaji aliyejitanda blanketi hupanda farasi mfupi mwenye nguvu hadi mahali ambapo gari halifiki. Lakini tazama kinachowalipia. Lesotho yote iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kuna baridi inayowapunguza visubi, kuna malisho ya pamoja mlimani, na farasi wenyewe wamezaliwa humo kwa vizazi vingi. Nyanda za juu za Ethiopia ni hivyohivyo. Bili ipo, isipokuwa hulipwa na mlima, na jamii, na kazi ya watoto wa nyumbani. Na mahali ambapo mlima haulipi, hulipwa na farasi. Katika miji ya Ethiopia iliyo chini zaidi na yenye joto, farasi wa mikokoteni ya abiria husumbuliwa na ugonjwa wa fangasi unaoshambulia ngozi na mishipa ya limfu, wakajaa vidonda, na wengi huendelea kuvuta mkokoteni wakiwa nao kwa sababu siku isiyo na kazi ni siku isiyo na chakula, kwao na kwa mwenye mkokoteni. Simlaumu mtu huyo. Hana la kufanya. Namlaumu anayemtaja kama ushahidi kwamba farasi ni mnyama rahisi.

Wapo pia wenye mashamba. Nina ekari zangu huko Nanyuki au Limuru, mtu atasema, farasi atakula majani yanayoota yenyewe. Kwanza, farasi mmoja anahitaji ekari moja hadi mbili za malisho mazuri, na ekari hiyo lazima ipumzishwe, iondolewe kinyesi, iwekwe ua usiokuwa wa seng'enge yenye miiba, kwa kuwa farasi akishtuka hukimbia kwanza akatazama baadaye. Pili, ekari mbili za Limuru si kitu cha bure hata kama hati iko kabatini. Zikipandwa matete zinalisha ng'ombe wa maziwa, na maziwa yanalipa karo. Mapato ambayo familia imeyaacha ili farasi ale hapo ni gharama ya farasi, iandikwe au isiandikwe. Tatu, shamba hupunguza nyasi tu. Kwato, meno, chanjo na saisi viko palepale. Aliye na ardhi anaweza kuiteremsha 27,800 ikafika pengine 21,500. Asijidanganye kwamba imefika sifuri.

Hoja iliyo na nguvu kuliko zote ni ya kwamba farasi anaweza kujilipia. Kuna shule za kufundisha kupanda, kuna safari za kitalii juu ya farasi Laikipia na Maasai Mara, kuna vijana wanaowatembeza watalii ufukweni Mombasa na Unguja. Wanaofanya vizuri wapo, na sitaki kuwavunja moyo. Ila hesabu ya biashara hii ina masharti yanayotokana na mwili uleule. Farasi hawezi kubeba wateja tangu asubuhi hadi magharibi kwa siku saba; mgongo una kikomo, na kwa kawaida mpandaji na tandiko lake wasizidi sehemu ya tano ya uzito wa mnyama. Akipumzishwa inavyostahili, saa za kuuza ni chache. Halafu kuna msimu. Masika yanapoingia pwani, kuanzia Aprili, hoteli hupunguza wafanyakazi na boti hupandishwa mchangani. Gari la watalii nalo huegeshwa, likakaa miezi mitatu bila kudai kitu zaidi ya bima. Farasi hula marobota yake 20 mwezi wa Mei kama alivyokula Desemba. Biashara inayosimama ni ile iliyoweka mapato ya Desemba kwa ajili ya Mei. Isiyoweka humlisha farasi pumba tupu wakati wa masika, kisha Julai inampakia mtalii mgongoni mwa mnyama ambaye mbavu zake zinahesabika, na mtalii wa siku hizi ana simu yenye kamera. Samadi nayo hutajwa kama mapato, na kweli wakulima wa uyoga huipenda, lakini pesa yake hailipi hata maranda.

Mwingine atasema haya ni mambo ya matajiri wa Nairobi, yanamhusu nini msomaji wa kawaida? Yanamhusu kwa njia mbili. Bili ya farasi ni mapato ya watu: mkulima wa nyasi wa Nakuru, fundi wa kwato, saisi na wanawe, muuza maranda wa karakana ya mbao. Mwenye farasi anaponunua bila kupima uwezo wake, wa kwanza kukopwa ni hao, na mkopo wao hauna dhamana. Ya pili ni kwamba si farasi wote walio mali ya matajiri. Tanzania ina kikosi cha polisi cha mbwa na farasi, na farasi hao hulishwa kwa kodi. Bajeti ikipangwa kwa kufikiria ununuzi pekee, kama ilivyo desturi yetu kwa magari, mitambo ya hospitali na mengine mengi, mlipakodi atawalipia farasi haohao mara mbili.

Kwa hiyo mzazi yule wa Lang'ata afanyeje? Kwa mtoto anayepanda mara mbili kwa wiki, kulipa kwa saa katika shule ya farasi ndiko kwenye akili, hata ada ya saa ikionekana kali, maana katika ada hiyo wanagawana tumbo moja wanafunzi wengi. Familia mbili zinazoelewana zinaweza kumtunza farasi mmoja kwa maandishi, kila upande ukijua siku zake na fungu lake la bili, pamoja na nani ataamua siku daktari akisema mnyama hatapona. Maandishi ni muhimu hapo kuliko urafiki. Na anayesisitiza kummiliki peke yake namwomba jambo moja kabla hajakwenda kumwona, kwa sababu akishamwona hatapiga hesabu tena. Afungue akaunti, aweke shilingi 28,000 kila mwisho wa mwezi kwa miezi sita mfululizo, na miongoni mwa miezi hiyo iwemo Januari yenye karo. Asiiguse. Akifika mwisho, atakuwa na 168,000 za kuanzia akiba ya dharura, na amnunue farasi wake kwa amani. Akishindwa mwezi wa tatu, amwachie mwingine, hata kama anatolewa bure.